Swali la Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilimhoji mwanamume mmoja wa Mwingi kwa dakika arobaini kuhusu vipindi vya redio, na tulipomaliza nikagundua kwamba hakuwa na redio. Nilimuuliza mbona hakusema mapema. Akanijibu kwa upole kwamba sikumuuliza. Alikuwa amejibu kila swali kwa kufikiri, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia, na mimi nilikuwa nimeyaandika yote kwa hati nzuri.

Vijana wa ofisi, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na mkanitaka niwaandikie kidogo kuhusu kazi ilivyokuwa. Saa nimeitundika. Haya ndiyo maandishi. Habari za vyeo na mishahara mtawauliza wengine, maana mimi cheo changu kilibadilishwa jina mara nne na kazi ikabaki ileile: kwenda kwa mtu nisiyemjua, kumuuliza mambo yasiyonihusu, na kutumaini kwamba hatanifukuza.

Kwa wasionijua, mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Kitui mjini. Babu yangu alikuja kutoka Mombasa kuuza nguo, akasema atakaa msimu mmoja, na kaburi lake liko hapa. Nyumbani tuliongea Kiswahili cha kwetu. Shuleni wenzangu walinicheka kwa sababu nilisema kitabu changu kimepotea, na wao walisema kitabu yangu imepotea, na vitabu vyote viwili vilikuwa vimepotea vilevile. Nilichekwa nikiwa mtoto, basi nilipokua nikageuza Kiswahili changu kuwa fahari. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonitia matatani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nzioka, msimamizi wa wahojaji wa Kitui na Makueni wakati huo. Alitembea na kigoda cha kukunja mkobani. Alisema anayeuliza maswali lazima akae chini kidogo kuliko anayejibu, la sivyo mtu atakujibu kama anavyomjibu chifu. Nilidhani ni vituko vya uzee mpaka nilipojaribu kuhoji nimesimama, nikajibiwa "ndiyo" tangu swali la kwanza hadi la mwisho, hata pale palipotakiwa jina la mtaa. Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kufunga daftari mbele ya macho ya mtu, kuweka kalamu mbali, kisha kuomba maji ya kunywa. Mtu akishaona daftari limefungwa ndipo huanza kusema.

Vifaa vyetu vilikuwa ubao wa kuandikia, penseli mbili na kadi yenye nyuso tano, kuanzia uso uliokunjamana hadi uso unaocheka. Ulitakiwa umwonyeshe mtu kadi, naye aguse uso unaofanana na maoni yake kuhusu, tuseme, sabuni. Mama mmoja sokoni Kitui aliutazama ule uso wa kwanza kwa muda mrefu akaniuliza huyu amefiwa na nani. Hakuugusa. Aligusa unaocheka, kwa sabuni ambayo alikuwa ameshaniambia inamtoa malengelenge. Niliandika alichogusa. Ndivyo sheria ilivyotaka.

Kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa kile ofisi ya Nairobi ilichokiita safi, baada ya miaka michache fomu zote za Kiswahili zikawa zinaletwa kwangu nizitafsiri. Zilikuja kwa Kizungu, nikazirudisha kwa lugha ambayo, ninakiri, niliisoma kwa sauti peke yangu jikoni ili niifurahie. Neno moja hasa lilinipendeza. Wazungu na mabwana wa masoko walikuwa na neno lao la mteja asiyehamahama, anayerudi palepale mwaka nenda mwaka rudi. Wengine walipendekeza "mteja wa kudumu", nikaona ni kama jina la ugonjwa. Mimi niliandika "mteja mwaminifu". Lina heshima yake, na lina mizizi. Hakuna aliyelipinga, nami nikalitumia.

Sasa nifike kwenye mikahawa.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu tulipewa kazi na Bwana Kimeu, mwenye mikahawa sita katika Kitui na Makueni. Jina la kampuni yake siliandiki. Wanaokunywa kahawa huko wanalijua. Alianza na chumba kimoja karibu na ofisi za kaunti mjini Kitui, akauza kahawa mahali ambapo kila mtu alimwambia watu ni wa chai, na akafaulu. Alitaka kujua kwa nini wateja wanamrudia. Swali zuri, na alilijia kwa hamu ya kweli. Lakini nyuma yake kulikuwa na lingine. Alitaka kufungua mkahawa mkubwa huko Wote, na ili kuufungua ilimbidi afunge mmoja katika ile sita. Utakaoonekana una wateja wasio na uaminifu ndio utakaofungwa.

Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. La saba lilisema: "Je, wewe ni mteja mwaminifu wa mkahawa huu?"

Tulihoji katika mikahawa yote sita. Mikahawa miwili ya Kitui mjini ilifanya vizuri sana. Watu walijibu "ndiyo" hata kabla swali halijaisha. Wa Mwingi na mingine miwili haikuwa mbali. Wa mwisho kabisa, tena kwa mbali, ulikuwa mkahawa mdogo wa Matiliku, ulioendeshwa na mama anayeitwa Syombua pamoja na wasichana wawili. Huko karibu kila mtu alijibu "hapana". Niliandika ripoti ya awali, nikaituma. Bwana Kimeu alinipigia simu kunishukuru. Alisema Matiliku itafungwa mwisho wa mwezi na barua ya Syombua itaandaliwa.

Kitu kimoja kilinikera. Nilikuwa nimepita Matiliku siku ya soko wakati wa kazi ile, na sikupata pa kukaa. Nilikunywa kahawa yangu nimesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja na mkoba mkono mwingine. Mkahawa wenye wateja wasio waaminifu kuliko wote ndio pekee ambamo nilikosa kiti. Nilijiambia labda ni mvua, ingawa siku hiyo haikunyesha.

Aliyenifumbua macho ni Mwende, aliyehoji Matiliku. Mnamjua, ndiye aliyekuwa akila karanga ofisini. Tulikuwa tunafungasha fomu aliposema, bila hata kuniangalia, kwamba swali la saba lilimpa shida. Nilimuuliza shida gani. Akasita, maana mtafsiri alikuwa mimi, na hakuna kijana ofisini aliyewahi kunisahihisha Kiswahili akatoka salama.

"Madam, nikifika hapo watu walikuwa wananiomba msamaha," akasema. "Kuna mama alinijibu ndiyo, alafu kesho yake akanifuata hadi stage. Akaniambia nibadilishe niandike hapana, ati alikuwa amenidanganya. Alikumbuka kuna siku alikunywa chai kwa mtu mwingine huko Sultan Hamud."

Nilikaa chini. Mtu ametembea kutoka nyumbani kwake hadi stendi ili kukiri kikombe cha chai. Katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia mteja wa sabuni akifanya hivyo. Hamu iliyonishika siku ile sijui niiite nini, lakini iliondoa usingizi wangu wa mchana, na ninaupenda sana usingizi wangu wa mchana. Kesho yake nilikwenda Matiliku bila fomu, bila kadi, bila kumwambia mtu.

Nilikaa pembeni siku mbili. Siku ya kwanza Syombua alidhani nimetumwa kumkagua, akawa ananihudumia kwa adabu inayochosha. Siku ya pili alinizoea, na ndipo mambo yakaanza kutoka chini ya kaunta. Alikuja mwanamume akauliza kama shemeji yake ameacha kitu, Syombua akainama akatoa miche mitatu ya machungwa imefungwa kwa gunia lenye unyevu. Akaja msichana akaacha bahasha ya dawa za presha, akasema ni za nyanya yake, atapita akitoka kanisani. Viatu vya shule vilitoka, funguo zikaingia, kikapu cha kyondo kilichosukwa nusu kikabadilisha mikono kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine ili amalizie. Hakuna kilichokuwa na jina. Syombua alijua cha nani ni kipi, na kila aliyekuja kuacha au kuchukua alikaa akanywa kahawa, kwa sababu ni aibu kumsumbua mtu hivyo halafu uondoke mkavu.

Kanuni za kampuni zilikataza kuweka mizigo chini ya kaunta. Ndiyo maana tulipokuja na fomu zetu hatukuona chochote. Alikuwa amevihamishia vyote jikoni, nyuma ya gunia la makaa.

Mchana wa siku ya pili nilikaa na Mzee Kyalo, mkulima na shemasi wa kanisa moja hapo, mtu aliyekuja kila siku nikiwepo. Nilikaa kwenye kiti kifupi. Sikuwa na daftari la kufunga, basi niliomba maji tu. Tukaongea mvua, tukaongea ndengu, hatimaye nikamwambia nimesikia watu wa hapa wanasema wao si wateja waaminifu, na mimi naona wamejaa. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mjini.

"Sasa mama, nani anaweza sema yeye ni mwaminifu? Mwaminifu ni Mungu," akasema. "Mimi nikisema hivyo nitakuwa najisifu. Hapa kama kuna mtu mwaminifu ni huyu Syombua. Vitu za watu ziko kwake na hakuna imewahi kupotea. Sisi tunakuja tu."

Hapo ndipo nilipojua kosa langu, na niliona haya mpaka masikioni. Mimi, mjukuu wa mtu wa Mombasa, niliyefundishwa chuoni, yaani madrasa, tangu utotoni kwamba uaminifu na amana ni maneno ya ukoo mmoja, kwamba mwaminifu ni yule anayewekewa kitu cha mtu akakitunza. Nililijua neno hilo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Halafu nikalichukua nikamvisha mnunuzi wa kahawa, kwa sababu lilisikika vizuri jikoni kwangu. Watu wa Matiliku walilichukua neno kwa uzito wake. Watu wa Kitui mjini, ambao wameona matangazo mengi zaidi, walilichukua kama neno la matangazo, wakasema "ndiyo" na kuendelea na simu zao. Ripoti yangu ilikuwa imewapanga watu kinyume: wanaoheshimu neno mkiani, wasiolijali mbele.

Barua ya Syombua ilikuwa bado haijatumwa. Nilirudi Kitui siku hiyohiyo, na asubuhi nikaenda kwa Bwana Kimeu.

Kuna njia ya kulisema jambo kama lile bila kujivua nguo. Ningeweza kusema kuna "changamoto katika zana". Mmenisikia nikifundisha maneno hayo. Nilipokuwa nasubiri kwenye benchi nje ya ofisi yake niliyapanga kichwani, na yalikuwa mazuri, kama kawaida yangu. Alipoketi mbele yangu nikamwambia tu kwamba ripoti yangu ni mbovu, Matiliku ndiko anakopendwa kuliko kote, na mwenye kosa ni aliyetafsiri. Akaniuliza nani alitafsiri. Nikamwambia ni mimi.

Nilimweleza yote, pamoja na mizigo ya chini ya kaunta, kwa sababu bila mizigo hadithi haina maana. Niliogopa kwamba nimemwokoa Syombua kwa mkono mmoja na kumchongea kwa mwingine. Bwana Kimeu alisikiliza huku akizungusha kalamu. Alicheka aliposikia habari za gunia la makaa. Akasema mkahawa wa Matiliku utabaki, na atamtengenezea Syombua rafu yenye mlango. Nilivuta pumzi, nikaanza kukusanya mkoba wangu, nikidhani nimepona.

Ndipo akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Bi Zuhura, hii neno umeitumia kwa mafomu miaka ngapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nimelitumia tangu nilipoanza kutafsiri. Nilitoka nje nikasimama juani, na nikaanza kuzihesabu kazi zote kwa vidole: benki, maziwa, sabuni, mbegu. Vidole vikaisha. Kila moja ilikuwa na swali lake la uaminifu, na baada ya kila moja kuna mtu mahali fulani aliamua jambo. Nyingi sikujua ziliishia wapi, kwa sababu sisi hukusanya majibu na kupanda gari. Lakini moja nilijua. Zamani tulihoji wateja wa kampuni moja iliyouza mbegu na dawa za mifugo katika vituo vya Makueni, na baada ya ripoti yangu duka lao la Kasikeu lilifungwa. Nilikumbuka hata jina la mtunza duka, Mzee Mbithi, kwa sababu alinipa mbegu za mchicha nikapande nyumbani.

Nilistaafu mwezi uliofuata. Mkanipa saa. Wiki mbili baadaye nilikwenda Kasikeu.

Sikuwa na hakika kama yu hai. Mhudumu wa boda boda alimjua, akanipeleka mpaka langoni. Nilimkuta uani ameanika ndengu juu ya turubai, anaokota mawe. Hakunikumbuka mimi, lakini mbegu za mchicha alizikumbuka, akaniuliza kama zilishika. Nikamwambia zilishika. Akaniletea kiti, na mimi nikaomba kigoda kilichokuwa karibu na kuku.

Nilimuuliza habari za duka. Alieleza bila uchungu, kama mtu anayeeleza ugonjwa uliokwisha pona. Kampuni ilimwita, ikamwonyesha karatasi, ikamwambia wateja wake wameulizwa mmoja mmoja na wamesema hawana uaminifu naye.

"Mimi nilifikiri watu wananitaka," akasema. "Walikuwa wanakuja hata Jumapili, wananiita kwa dirisha. Kumbe wakiulizwa pembeni wanasema hapana. Sikuwauliza. Ningeuliza aje? Nikahama tu hata kanisa, nisikuwe nakaa nao kwa benchi."

Sikutarajia habari ya kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi iliyopotea. Nilikuwa na maneno ya hiyo. Sikuwa na maneno ya mtu aliyewatazama majirani zake miaka yote hii akidhani anajua siri yao, nao wakimsalimia njiani bila kujua kwa nini amebadilika. Machozi yalinitoka, siwafichi. Kisha nikamweleza polepole. Nilimweleza swali lilivyoandikwa, neno nililolichagua, na mama aliyemfuata Mwende hadi stendi kukiri kikombe cha chai. Nikamwambia kwamba watu wake walikataa neno, hawakumkataa yeye, na kwamba aliyeharibu ni mimi niliyeketi mbele yake.

Aliacha kuokota mawe. Kuku wakaanza kusogea kwenye turubai na hakuwafukuza.

"Kwa hivyo walikuwa wananitaka," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Mzee, walikuwa wanakutaka.

Akageuka akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. Mama alitoka akipangusa mikono kwenye leso, akanisalimu. Mzee Mbithi akaniomba nirudie yale niliyosema, yote, tangu mwanzo, mama asikie. Halafu akafikiri kidogo, akaniomba nisiseme kwa Kiswahili. Kikamba changu ni cha sokoni, cha kuulizia bei ya nyanya. Nilivuta kigoda karibu na yule mama, nikaanza.